Browning Hi-Power ya zamani inakwamisha maganda: nilichoandika daftarini, na ninachouliza

Mwanzisha uzi (Ilemela, Mwanza)

Wakuu, heshima kwenu. Nimesoma nyuzi nyingi kuhusu bastola zinazokwama, na nyingi huishia kwa mwenye shida kuambiwa auze anunue mpya. Yangu siuzi. Risasi ninazoruhusiwa kununua kwa leseni yangu si nyingi, kwa hiyo kila ninayoifyatua lazima inipe jibu la swali fulani, na ndiyo sababu ninaandika kwa urefu nikiomba atakayejibu naye asome hadi mwisho.

Bastola yenyewe ni Browning Hi-Power ya milimita 9, aina ambayo John Browning aliianza na Dieudonné Saive akaimalizia katika kiwanda cha FN kule Herstal, Ubelgiji, ikatoka mwaka 1935. Hii yangu si ya zamani kiasi hicho. Kulabu yake, yaani kile kipande kinachoshika kitako cha ganda na kulivuta kutoka chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa), inaonekana kwa nje upande wa kulia wa slaidi (chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele), na FN walianza kuiweka kwa nje mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kabla ya hapo ilikuwa imefichwa ndani. Ilikuwa ya marehemu baba mdogo, aliyekuwa akinunua dagaa visiwani na kuziuza Mwaloni Kirumba, na katika kazi hiyo alitembea na fedha taslimu. Alipofariki ilikabidhiwa polisi, ikakaa huko hadi nilipokamilisha taratibu za kuimiliki kwa jina langu. Naomba mjadala usihamie kwenye leseni, kwa kuwa hilo lilikwisha.

Shida ni hii. Uwanjani, mbele ya msimamizi, nilifyatua risasi 50 na bastola ikakwama mara 9. Mara nyingi ganda tupu lilibanwa katika dirisha la slaidi, pale maganda yanapotokea, likiwa limesimama wima kama mlingoti wa ngalawa. Mara chache ganda halikutoka kabisa. Lilibaki ndani ya chemba na risasi iliyofuata ikaja kuligonga kitakoni, kila kitu kikasongamana. Mwezi mmoja kabla ya hapo niliipeleka kwa fundi wa mjini, ambaye sitamtaja, akasema springi ya kurudisha slaidi imechoka na akaweka nyingine ngumu zaidi. Alitaka pia kuipitisha tupa ile kulabu ili “iume vizuri”, nami nikakataa, si kwa ujuzi bali kwa sababu alishika tupa kabla hajashika tochi.

Swali langu: nianzie wapi bila kumaliza risasi na bila kuharibu chuma?

Mtunza Ghala Mstaafu (Musoma)

Ndugu mwanzisha uzi, umeeleza vizuri kuliko wengi, ila umeandika magonjwa mawili katika cheti kimoja. Ganda linalobaki chemba na ganda linalosimama dirishani yanaweza kuwa na chanzo kimoja, lakini mara nyingi hayana, na ukiyahesabu pamoja hutapata dawa ya lolote.

Fuata safari ya ganda. Risasi inapolipuka, slaidi na mtutu wa Hi-Power hurudi nyuma pamoja kwa milimita chache zikiwa zimefungana, kisha nyuma ya mtutu hushuka na slaidi huendelea peke yake. Kulabu, iliyoingia katika mfereji unaozunguka kitako cha ganda, hulivuta likiwa limebanwa kwenye uso wa slaidi. Likifika nyuma, upande wake wa kushoto hugonga ejekta, kile kipande cha chuma kilichosimama bila kucheza kwenye fremu (kiwiliwili cha bastola), na ganda hupinduka kuelekea kulia likatoka dirishani. Kulabu ikiteleza mwanzoni kabisa, ganda hubaki. Kulabu ikishika kwa ulegevu, ganda huinama njiani na kuigonga ejekta vibaya, na hapo ndipo utaona moja likienda kulia, jingine likipita juu ya kichwa na jingine likikuangukia kwenye kiganja. Slaidi ikirudi kwa uvivu, ganda huguswa tu badala ya kupigwa, na slaidi hulibana kabla halijatoka.

Sasa nijibu maswali yangu. Una magazini ngapi, na ni ipi iliyokuwamo kila ilipokwama? Maganda yaliyotoka vizuri yaliangukia wapi? Risasi zote ni za boksi moja? Ni wewe peke yako uliyefyatua? Kama hukuandika, usinijibu kwa kukumbuka, kwa sababu mtu aliyeudhika hukumbuka anachotaka. Rudia kwa risasi chache na daftari mkononi.

Na kabla hujaigusa, toa magazini kwanza, kisha koki mara kadhaa (vuta slaidi nyuma na kuiachia), kisha ifungie slaidi nyuma, utazame chemba kwa macho na kuipapasa kwa ncha ya kidole. Wengi hugeuza mpangilio, wakakoki magazini ikiwa ndani, na kwa kufanya hivyo wanatoa risasi moja na kujiingizia nyingine. Hi-Power ina kizuizi kinachokifanya kifyatulio kisifanye kazi magazini ikiwa nje, na watu hukiita usalama. Mimi sikiiti hivyo, maana anayetaka kushusha nyundo hulazimika kurudisha magazini, na siku moja atarudisha yenye risasi. Kuifungua bastola hii hakuhitaji kuvuta kifyatulio hata kidogo: unarudisha slaidi nyuma, unainua sefti (kile kitufe cha usalama cha pembeni) hadi iingie katika pengo la pili la slaidi, unasukuma pini ya kuzuilia slaidi kutoka upande wa kulia, basi.

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, nashukuru. Nilikuwa na daftari lisilo na chochote, kwa hiyo nimerudi uwanjani Jumamosi na risasi 24.

Magazini ni mbili na hazikuwa na alama, nikaomba rangi ya kucha kwa mke wangu, nikaweka nukta moja kwenye moja na nukta mbili kwenye nyingine. Risasi zilikuwa za aina mbili: mpya za boksi nililonunua mwaka huu, zenye kichwa (ile sehemu inayoruka) cha gramu 8, na za boksi la zamani lililokaa miaka mitatu katika kabati la nyumbani, mita chache kutoka ziwani, baadhi zina ukijani kwenye shaba. Kila magazini niliijaza risasi 12, 6 mpya juu na 6 za zamani chini, ili ukiona namba ya risasi ujue ni ya aina gani.

Magazini ya kwanza ilikwama mara 2, zote kwa risasi za zamani, na mara zote mbili ganda lilisimama dirishani. Magazini ya pili ilikwama mara 4. Kwa risasi mpya, ganda lilisimama mara moja na kubaki chemba mara moja; kwa za zamani ikawa vivyo hivyo, moja na moja. Maganda mengine yaliangukia karibu mno, hatua moja au pungufu, na mawili yalinigonga kwenye mkono. Nilifyatua mwenyewe zote. Msimamizi alisema nashika vizuri, ingawa ninapochoka kiganja hulegea.

Chuma Chakavu (Igoma)

Mkuu, unazunguka sana. Ganda likibaki chemba, chemba imechafuka au imekwaruzika. Chukua msasa laini, uzungushe kwenye kijiti, uisugue hadi ing'ae. Kulabu nayo iondoe uikunje kidogo kwa ndani ili ibane. Magazini unaweza kuijua kwa dakika moja: weka risasi moja chemba, toa magazini, fyatua. Ganda likitoka vizuri, mwenye makosa ni magazini.

Mtunza Ghala Mstaafu

Ndugu yangu wa Igoma, sina shaka una nia njema, lakini katika mistari hiyo kuna mambo matatu ambayo yataigharimu bastola ya watu.

Jaribio la kufyatua bila magazini linafaa kwa bastola nyingine nyingi, ila kwa Hi-Power haliwezekani, kwa sababu ya kizuizi nilichokitaja hapo juu. Ungeijaribu ungeona kifyatulio kinakwenda na nyundo haianguki. Kwa bastola hii tunaweka risasi moja tu ndani ya magazini, tunakoki, tunafyatua, na tunatazama kama ganda limetoka na slaidi imebaki wazi nyuma. Risasi ya pili haipo, kwa hiyo hakuna kinachosukuma ganda kutoka chini. Ukirudia mara 5 kwa kila magazini, umejua mengi kwa risasi 10.

Kuhusu kukunja kulabu: ile ya ndani, ya Hi-Power za kabla ya mabadiliko, hubana kwa unyumbufu wa mwili wake wenyewe, na mafundi wa siku hizo waliirekebisha kwa mkono kwa uangalifu mkubwa. Hii ya nje hubembea kwenye pini na kubanwa na springi ndogo iliyo nyuma yake. Ukiikunja huongezi mbano wowote. Unabadilisha tu mahali ncha yake inapogusa ganda, na mwishowe itavunjika. Nikiwa hapo hapo, kwa wenye zile za zamani: msidondoshe risasi moja kwa moja ndani ya chemba na kuifungia slaidi juu yake. Kulabu ile imetengenezwa ili kitako cha risasi kiteleze kwenda juu na kuingia chini yake kikitokea kwenye magazini. Ukiilazimisha iruke juu ya ukingo, utaichosha au kuikatisha.

Msasa ndani ya chemba sina la kuongeza, isipokuwa kwamba chemba iliyopanuka haina dawa nyingine zaidi ya mtutu mpya. Ikiwa kutu imechimba vishimo, ganda hupanuka kwa mgandamizo na kujikita ndani yake, nawe utaona mikwaruzo kwenye ubavu wa ganda. Ndiyo maana tunayaokota maganda. Ndugu mwanzisha uzi, unayo?

Mwanzisha uzi

Ninayo yote 24, nimeyafunga kwa makundi. Ubavu ni laini. Kwenye ukingo wa kitako, yale mawili yaliyobaki chemba yana mkwaruzo mfupi unaong'aa mahali pamoja, kama kitu kilichoshika kikaponyoka. Yaliyotoka vizuri hayana.

Mtunza Ghala Mstaafu

Basi kulabu imeteleza, na ganda limekueleza lenyewe. Lakini imeteleza kwa nini? Huenda ncha imevunjika pembe, huenda springi yake imekufa, au huenda nyuma yake pamejaa uchafu hivi kwamba haiwezi kuingia hadi mwisho. La mwisho ndilo ninalolikuta mara nyingi kwa silaha zilizokaa pembezoni mwa maji, kwa sababu kila aliyepita aliongeza mafuta na hakuna aliyeyatoa.

Jaribio ni rahisi. Fungua bastola, toa mtutu na springi, ubaki na slaidi mkononi. Chukua ganda tupu lililokwisha kufyatuliwa, lipandishe kutoka chini hadi ukingo wake uingie chini ya kulabu. Liachie. Linapaswa kubaki pale pale hata ukiitikisa slaidi kidogo. Likianguka lenyewe, umepata mgonjwa.

Hesabu yako ya risasi 24 ni ndogo, usiifanye kuwa sheria, ila inaelekeza. Kwa magazini nzuri, yanayosimama dirishani yametokea kwa risasi za zamani tu. Risasi iliyokaa kwenye unyevu hupungua nguvu, na wewe umewekewa springi ngumu kuliko ile aliyoikusudia mtengenezaji. Slaidi inakosa nguvu ya kufika nyuma. Springi ya kawaida ya Hi-Power ni ya takriban kilo 7.7. Fundi wako aliona shida ya ganda kutoka kwa uvivu akaongeza kinachozidisha uvivu. Springi iliyochoka huonyesha kinyume chake: maganda huruka mbali mno na slaidi hugonga fremu kwa kishindo.

Usibadilishe mambo mawili kwa siku moja. Safisha kulabu, kisha jaribu. Rudisha springi, kisha jaribu. Ukifanya yote kwa mkupuo bastola itapona na hutajua ni nini kilichoiponya, na ikirudia ugonjwa mwakani utaanza upya.

Zile za ukijani usizifyatue tena. Zipeleke zikaharibiwe kwa utaratibu. Siogopi kukwama kwake, naogopa siku moja itoe mlio mdogo, kama mtu aliyekohoa, kichwa kibaki katikati ya mtutu, na wewe uliyezoea kukwamua ukoki na kufyatua nyingine nyuma yake. Mlio ukiwa dhaifu, simama, toa magazini, utazame mtutu mwanga ukipita. Na isipolia kabisa, iache imeelekezwa kwenye shabaha nusu dakika kabla hujaifungua.

Kisiwani (Nansio, Ukerewe)

Nafuatilia uzi huu kwa makini. Mimi nina Walther PP ya milimita 7.65, ya zamani pia, na hainipi shida hiyo hata kidogo. Maganda yanatoka safi. Je, ni kwa sababu ni ndogo, au ni ubora wa kazi ya Wajerumani?

Mtunza Ghala Mstaafu

Ni namna inavyofanya kazi. Walther PP, iliyoanza mwaka 1929, haina mtutu unaoshuka wala kufungana na slaidi. Mtutu umesimama imara kwenye fremu, na slaidi huzuiwa na uzito wake na springi peke yake. Mlipuko wenyewe hulisukuma ganda nyuma, hivyo kulabu haibebi kazi kubwa ya kulichomoa. Bastola ya namna hiyo inaweza kutupa maganda vizuri kabisa huku kulabu yake ikiwa mbovu.

Ndiyo maana sifa yako inanipa wasiwasi kidogo. Unapofyatua, gesi inakusaidia. Unapotoa risasi nzima kwa mkono, gesi haipo. Kulabu inabaki peke yake. Fanya lile jaribio la ganda kwenye slaidi, tena lifanye kabla ya mwanzisha uzi.

Mwanzisha uzi

Naleta matokeo, samahani kwa kukaa kimya wiki sita. Springi iliagizwa Dar es Salaam na mimi nilikuwa Sengerema kwa shughuli za biashara.

Nilifungua bastola mezani, dirisha likiwa wazi na watoto wakiwa shuleni. Niliweka ganda chini ya kulabu, nikaliachia, likaanguka juu ya gazeti kabla sijatikisa chochote. Nililirudisha mara tano, likaanguka mara tano. Kwa tochi nilibonyeza kulabu kwa njiti ya meno nikaona haichezi kama kitu chenye springi; ilikwenda polepole na kurudi polepole, kama mlango uliovimba kwa mvua za masika.

Kuondoa pini ya kulabu sikuthubutu. Sheria inataka matengenezo yafanywe na mwenye leseni ya kazi hiyo, na hata isingetaka, mimi ni mfanyabiashara wa dagaa. Nilimpata fundi mwingine mwenye leseni, akaitoa mbele yangu. Nyuma ya kulabu palikuwa na kitu cha rangi ya sukari iliyoungua, kigumu kiasi cha kuchimbuliwa, na ndani yake chembe za shaba zinazometa. Alikinusa akaniuliza kama mwenye bastola alikuwa na boti. Alikuwa nayo. Baba mdogo aliipaka grisi ile ile aliyoitumia kwenye injini ya mtumbwi, na sidhani kama kuna mwaka aliokosa kuongeza. Ncha ya kulabu haikuwa imevunjika wala kulika, na ile tupa, kama ningeiruhusu, ingekula chuma kizima. Fundi aliosha kila kitu, akabadilisha ile springi ndogo, akarudisha. Ganda likashika. Alitikisa slaidi likabaki.

Nilikwenda uwanjani na risasi 12 mpya, springi ngumu ikiwa bado ndani kama ulivyoagiza, magazini ya kwanza tu. Hakuna ganda lililobaki chemba. Moja lilisimama dirishani. Maganda yalianza kuangukia upande mmoja, kulia na nyuma kidogo, lakini bado karibu, hatua moja.

Wiki iliyofuata niliweka springi mpya ya nguvu ya kawaida. Ile ya zamani ya baba mdogo nilikuwa nimeihifadhi kwenye bahasha, nikazilaza mezani sambamba, na ya zamani ilikuwa fupi kwa karibu upana wa kidole. Kwa hiyo yule fundi wa kwanza hakukosea kusema imechoka. Alikosea alichoweka badala yake. Risasi 12, magazini ya kwanza: hakuna iliyokwama, na maganda yaliangukia hatua mbili nyuma yangu kulia, karibu yote ndani ya eneo la mkeka mmoja wa kulalia.

Magazini ya pili, risasi 12 nyingine: ilikwama mara moja, ganda likiwa dirishani. Nilifanya pia lile jaribio la risasi moja moja, mara 5, na haikukwama hata mara moja. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, kwa sababu ikiwa na risasi moja ni nzima na ikijaa ni mbovu.

Mtunza Ghala Mstaafu

Hujachanganyikiwa, umeshapata jibu ila hujalisoma. Ikiwa na risasi moja, hakuna inayofuata chini yake. Tazama midomo ya magazini ile, zile kingo mbili za juu zinazozuia risasi isiruke. Ilinganishe na ya kwanza, si kwa macho tu. Chukua risasi ya mazoezi isiyo na baruti uone inakaa kwa kimo gani katika kila moja.

Mwanzisha uzi

Mdomo wa kulia wa magazini ya pili umefunguka. Ni kidogo sana, nisingeuona bila kuilinganisha, lakini risasi inakaa juu zaidi na inaelekeza pua pembeni.

Mtunza Ghala Mstaafu

Huyo ndiye msaidizi wa shetani. Risasi ya chini inapanda mapema kuliko inavyotakiwa, inalisukuma ganda linalotoka na kulitoa kwenye mshiko wa kulabu kabla halijafika kwenye ejekta. Kulabu ikiwa chafu, msukumo kidogo tu kutoka chini unatosha kuliangusha, ndiyo maana magazini hiyo ilionekana kuwa mbaya kuliko ilivyo. Usiikunje kwa koleo. Iandikie “mbovu” na uitenge. Chuma cha midomo kikishafunguka, ukikirudisha leo kitafunguka tena, tena siku usiyoitaka.

Lililobaki ni unyevu. Unaihifadhi katika nini?

Mwanzisha uzi

Katika mkoba wake wa ngozi wa siku zote, ndani ya sefu.

Mtunza Ghala Mstaafu

Sefu sawa, mkoba hapana. Ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia karibu na chuma, na dawa zilizotumika kuitengenezea husaidia kutu. Huku kwetu ziwani hewa ya alfajiri peke yake inatosha. Ivae ngozi unapotoka, ivue unaporudi, uifute jasho, uilaze juu ya kitambaa kikavu na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vikishiba vibadilishe. Mafuta yawe tone moja kwenye reli za slaidi na utando usioonekana kwingine. Chemba ifutwe iwe kavu kabla ya kufyatua. Mafuta ya kula yasiguse silaha kamwe, kwa kuwa hukauka yakawa gundi, na grisi ya injini tumeshaiona. Mafuta ya cherehani si dhambi, ila hukauka upesi, kwa hiyo anayeyatumia asiseme alipaka mwaka jana.

Kisiwani (Nansio, Ukerewe)

Mzee wangu, nilitakiwa kuandika mapema, lakini nilikuwa nasitasita kwa aibu.

Ulisema nilifanye lile jaribio kabla ya mwanzisha uzi. Nililiahirisha, kwa sababu bastola haikunipa shida. Jana jioni nilifunga mlango, nikatoa magazini, nikaielekeza kwenye gunia la mchanga, nikakoki mara tatu. Hakuna kilichotoka, na kwa miaka yote niliyoimiliki hiyo ingetosha; ningeifungua na kuanza kufuta. Safari hii nikaifungia slaidi nyuma nikaingiza ncha ya kidole kidogo kama ulivyoandika.

Risasi ilikuwamo. Nilikoki mara tatu nyingine huku nikitazama, na kulabu ilipita juu ya kitako chake kila mara bila kukishika. Niliitoa kwa kuisukuma taratibu kutokea mdomo wa mtutu kwa kijiti cha mbao, mkono wangu ukiwa pembeni, na sasa iko mezani mbele yangu ikiwa na mikwaruzo mifupi kwenye ukingo. Ulisema asilimia kubwa ya kazi hufanywa na gesi. Naomba unielekeze kwa ujumbe wa faragha namna ya kumpata fundi mwenye leseni aliye karibu na kivuko, kwa maana hadi itengenezwe sitaki hata kuibeba.